Nani Kalifunua Bakuli?

Jino la kwanza asubuhi ile lilikuwa na ladha ya kamba iliyooza. Nikaliacha tone lake likae ulimini kama tulivyofundishwa, macho nimefumba, mikono juu ya magoti. Nyuma ya kamba ukaja moshi, nyuma ya moshi akaja samaki aliyekaushwa kwa baridi wala si kwa jua, halafu yakaja maji. Maji ndiyo tunayoyangoja. Maji ya utotoni hayatoki jinoni, hata mwenye jino akilala chini ya tope la bahari mpaka wajukuu wa wajukuu zake nao wafe. Haya yalikuwa maji membamba, ya jiwe, yenye harufu ya kinyesi cha kondoo.

"Enhe, mzee?" akauliza Sikujua. Sikujua Mrope ndiye fundi wa mashine, binti mwenye vidole vyembamba na mdomo usiochelewa.

"Nchi ya baridi. Mawe matupu, miti hakuna. Na mama yake alikuwa hachemshi maji."

"Usimtukane mama wa mtu, baba."

"Simtukani. Namwonja."

Nikatema kwenye ndoo. Ndoo ile ilikuwa imeshanuka tangu Jumatatu na hakuna aliyeimwaga, maana mwenye kazi ya kumwaga ndoo alipunguzwa kazini, na mkubwa aliyempunguza hajawahi kuinusa.

Mashine yenyewe tuliiita Ulimi. Unaitia jino, inalichuna tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Jino hujengwa mtu akiwa mdogo, basi, halijengwi tena. Ulichokunywa ulipokuwa unajifunza kutembea kimejifungia humo. Ulimi unakisoma, unakitengenezea tone, tone linaingia kinywani mwa mtu aliye hai. Kwa nini mtu? Kwa sababu namba za mashine zinalingana na visima vya nchi nyingi, lakini kinywa hakichanganyi. Na kinywa chenyewe kilitakiwa kiwe cha mtu asiyesoma. Mwanzoni waliwajaribu wenye shahada zao, wakawa wanaonja walichokikuta vitabuni. Ndipo wakatushukia sisi, wapishi na walinzi wa mageti. Mimi niliishia darasa la nne, na tangu mke wangu Somoe afe, kinywa changu hakikuwa na kazi nyingine.

Meno yalitoka kwenye manowari. Manowari ya zamani, ya mbao, ya mfalme mmoja wa nchi za mbali, iliyozama nje ya ghuba yetu ya Ras Mkwera ikafukiwa na tope. Serikali iliinyanyua mwaka uleule mashine ya figo ilipokufa katika hospitali ya wilaya. Kwa mashine ya figo tuliambiwa kipuri hakuna. Kwa meli ya mfalme wa watu vilikuja vyombo vya kunyanyulia virefu kuliko minazi, na waziri akaja na miwani nyeusi kutazama. Somoe alizikwa wiki ile wanaiosha meli tope. Maji ya kuoshea yalikuwepo.

Mlangoni kwa maonyesho walibandika picha kubwa ya mabaharia wa manowari ile. Wazungu watupu, mashavu mekundu, wote sura moja kama mayai ya trei. Uongo. Mimi niliwaonja. Yupo aliyelelewa kwa viazi na moshi wa udongo mweusi. Yupo Mgoa, nazi na siki. Yupo Mngazija, maji yake ya mvua yaliyolala juu ya mawe ya volkano. Yupo mmoja wa pwani ya magharibi, mchele na mafuta ya mawese mekundu. Na Mmalei wa visiwani, na huyu wa kondoo. Wa mwisho nilimjua kabla tone halijafika kooni: uji wa mtama na maji ya mto Ruvuma, mazito, ya kahawia. Mtu wa bara letu, ndani ya manowari ya mfalme. Hao saba walikutwa chumba kimoja cha chini, mifupa imelaliana.

"Umefanya kazi kubwa, mzee wangu," alikuwa akisema Dokta Pendaeli, mkurugenzi wa Idara ya Asili, kila aliposhuka kwetu na marashi yake. "Tukishajua kwao, tunawarudisha kwao. Kila mfupa na udongo wake."

Nikamwamini. Naliandika hili na kichefuchefu kinanipanda.

*

Wiki kadhaa baadaye wanajeshi walinijia mchana, nikiwa nakula mkate mkavu. Wakanipakia garini pamoja na Sikujua, wakatupeleka gati jipya, ambako ilikuwepo meli ya chuma ya kijivu isiyo na hata dirisha. Ngao ya Taifa. Redio ilikuwa ikiiimba tangu masika. Ilijengwa kwa ajili ya visima vya gesi vya mpakani, ambavyo sisi tunasema ni vyetu na jirani anasema ni vyake, na wanaosema hivyo pande zote mbili hawajawahi kupikia gesi hiyo.

Kapteni Lubinza alitupokea juu. Mtu mfupi, viatu vinang'aa. Akatushusha ngazi, tukapita vyumba. Nikatazama kushoto na kulia.

"Kapteni, jiko liko wapi?"

"Hakuna jiko."

"Na mabaharia wanakula nini?"

"Mabaharia wa meli hii hawali, mzee. Ndio uzuri wake."

Chombo kisicho na jiko hakina watu, au kina watu wasiohesabiwa kuwa watu.

Akatuingiza chumba cha chini kabisa. Ukutani palikuwa na makasha ya kioo saba, ndani ya kila kasha maji mazito kama ute wa bamia, na ndani ya ute mifupa. Niliitambua taya ya mtu wangu wa mtama kwa pengo la jino nililoonja mwenyewe.

Sikujua akashika ukuta. "Mlisema wamesafirishwa!"

"Wamesafirishwa," akasema Kapteni. "Mpaka hapa."

Kisha akatueleza, na alieleza kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake. Mkono uliovuta kamba miaka na miaka, akasema, unaacha njia zake ndani ya mfupa. Mkono uliojaza mzinga, vilevile. Wataalamu wameweza kuzipitisha njia hizo kwenye mitambo ya meli: mfupa unavuta, usukani unageuka. Baharia wa hivi hachoki, haogopi, hadai likizo, hana mama wa kulia kwenye redio. Ila mfupa hauamki hivihivi. Mpaka upewe maji yake ya kwanza, yaleyale, yasikosewe. Ndiyo maana walihitaji mdomo.

Kumbe kila nilipotema kwenye ndoo, nilikuwa nimeshamwamsha mtu na kumfunga kongwa.

Nikatapika. Mkate wote, pale pale, juu ya viatu vinavyong'aa. Sikuomba radhi.

"Mmeshamaliza?" Kapteni alijifuta kwa leso, uso umekunjamana. "Sasa sikilizeni. Tangu tuwaamshe hawafanyi kazi. Usukani hauendi, mizinga haiendi. Wanasema jambo moja tu. Wataalamu wanadai ni hitilafu. Huyu mmoja ni wenu, ongea naye."

Akabonyeza kitu. Chumba kikajaa sauti, kila moja na lugha yake, zimeparamiana kama kuku walioingiliwa na kicheche bandani. Sikujua akavaa kifaa chake cha tafsiri, akasikiliza kasha moja baada ya jingine, midomo ikabadilika rangi.

"Baba," akaninong'oneza, "wote wanauliza swali moja."

Nikasogea kwenye kasha la mwenye pengo. Ikatoka sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha njia za misafara, kizito, kama kilichobebwa kichwani kutoka mbali.

"Nani kalifunua bakuli?"

"Bakuli gani, mwenzangu?"

"Alhamdulillahi, mtu. Nani wewe?"

"Naitwa Nantanga. Mzee Ausi Nantanga. Na wewe?"

"Kwa mama yangu naitwa Mtalika. Humu melini waliniandika Birika."

"Birika? La chai?"

"Karani alikuwa na birika mezani siku ile. Mwenzangu nyuma yangu walimwandika Pipa. Mgoa wetu, hilo jina lake refu la kanisani, waliliandika Jumatano." Akacheka, na kicheko chake kilipita kwenye vyuma vya meli vikatetemeka kidogo, Kapteni akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Tulikuwa tukiitana hivyo, tukazoea. Birika, kula. Jumatano, acha uroho. Sasa nawasikia wako ukuta wa pili, nawaita, hawaitiki. Kila mmoja analia na lugha ya mama yake. Hatukuwa tukisema hivyo. Tulikuwa na maneno yetu ya melini."

Sikujua akanielewesha baadaye. Tuliwaamsha kwa maji ya utotoni, basi waliamka na utoto wao. Mmoja yuko Ruvuma, mwingine yuko kwenye mawe ya kondoo. Hakuna aliyeamka melini.

"Na bakuli?" nikauliza.

"Bakuli letu la mbao. Tulikuwa tunakula humo, sisi saba. Wa mwisho kula ndiye anayelifunika, kifudifudi. Likifunikwa, basi, hakuna tena anayetuita kwenye zamu, hata mkubwa mwenyewe. Ndio ulikuwa mwiko wa meli zile. Mjeledi wao haukuvuka bakuli. Siku ile meli ilipasuka chini. Wakubwa wakateremsha mashua, wakaingia wao na masanduku yao. Sisi wakatuambia, pigeni bomba la maji, tunarudi kuwachukua. Tukapiga. Maji yakatufika mapajani. Yule mwenzetu tuliyekuwa tukimwita wa viazi akasema, jamani, hawa hawarudi. Tukaacha bomba. Palikuwa na dengu za jana na biskuti. Tukala. Wa viazi alikuwa wa mwisho, akalifunika. Tukashikana. Kazi yetu iliisha, Mzee Nantanga. Iliisha kwa haki. Sasa nani kalifunua?"

Jibu nililipata kesho yake.

*

Dokta Pendaeli alituita ofisini kwake, mimi na Sikujua. Ofisi ina baridi ya mashine mpaka meno yanauma. Na pale mezani, kati ya bendera ndogo na picha yake akipeana mkono na waziri, palikuwa na bakuli la mbao nyeusi, pana, ukingo umeliwa na chumvi. Limekaa wima. Limejaa peremende.

"Karibuni. Chukueni," akasema, akilisukuma kwetu.

Nilitazama zile karatasi za peremende zinavyong'aa, nyekundu na kijani. Wapo mafisi wanaofukua makaburi, lakini fisi hawekei wageni peremende ndani ya sanda.

"Hili limetoka wapi?"

"Zuri, sivyo? Lilikuwa katikati ya mifupa ile. Lilikuwa limepinduka, bila shaka meli ilipolala. Nikaona lisioze stoo." Akachukua peremende, akaifungua. "Sasa mzee wangu, kazi moja ndogo imebaki. Meno yametupa watu saba. Tunachotaka ni wafanyakazi wa chombo kimoja. Mbavu ndizo zitakazotupa."

Sikujua alikuwa ameshanieleza njiani. Jino halijengwi tena, lakini ubavu hujijenga upya miaka yote ya mtu. Unachokula mwaka huu, kesho kimo ubavuni mwako. Kwa hiyo jino linasema ulikotoka, na ubavu unasema ulikoishia na nani alikupikia. Wakiamshwa kwa tone la ubavu, wangeamka melini, pamoja, na maneno yao.

"Na wakiamka pamoja?"

"Watapiga mizinga pamoja."

"Walishamaliza kazi yao, Dokta. Wameniambia."

"Mzee." Alisogeza kiti, sauti ikawa ya mtu anayemlisha mgonjwa. "Jirani ameshaleta meli zake mpakani. Ngao isipotoka Jumamosi, itatoka meli ya kawaida yenye vijana ndani. Vijana hai. Binti Mrope hapa ana kaka yake mgambo, si ndiyo? Anaitwa nani?"

"Mosi," akasema Sikujua, hakumtazama.

"Mosi. Basi tuchague. Mifupa ya watu waliokufa zamani, ambao hakuna anayewalilia, au Mosi?"

Nitasema kweli, swali lile lilinikaa. Mtu mbaya anaweza kukuuliza swali zuri. Nilijua bado lipo jibu la tatu, kwamba wangeweza kwenda wao, na waziri na miwani yake. Lakini jibu hilo wenyewe hawaliwekagi mezani.

"Leta ubavu," nikasema. Nilisema kwa ajili ya Mtalika anayeita ukutani bila kuitikiwa. Mengine nilikuwa sijayajua.

*

Niseme kweli: niliogopa. Mbavu nyingine za manowari ile nilishaonjeshwa mwanzoni, za mabaharia wa chumba cha juu, na zote zilikuwa na nyama ya nguruwe ya pipa, ya chumvi, ya mafuta ya njano yaliyoanza kuvunda. Nilifunga na kutubu baada ya kila moja. Nikakaa kitini, nikasoma bismillahi, nikamwambia Sikujua anishikie ndoo karibu.

Tone likaja. Biskuti ya unga mbovu, funza ndani, wakavu, wachungu. Dengu zilizochemshwa kwa maji ya pipa la kijani, maji yenye uhai wake. Siki. Madini ya risasi ya kwenye vyombo. Nikangoja nguruwe.

Hakuja.

"Lete wa pili," nikasema. Ubavu wa yule wa kondoo, mla nguruwe tangu kwao. Funza, dengu, maji ya kijani. Nguruwe hakuna. Lete wa viazi. Hakuna. Lete wa Mgoa. Hakuna! Miaka yao yote ya mwisho, wote saba, hata punje.

"Mashine imekosea?" nikauliza.

Sikujua alikuwa ameshapitia namba zake. "Haijakosea. Meli nzima ilipewa nyama hiyo hiyo, baba. Hawa hawakuila." Akafikiri. "Wangapi kati yao Waislamu?"

Mngazija. Mmalei. Na Mtalika, aliyesilimu njiani kuja pwani. Watatu. Wanne waliobaki hawakuwa na mwiko wowote. Lakini bakuli lilikuwa moja. Basi walibadilishana mgao wa nyama na chumba kingine, wakapewa dengu, wakala dengu zenye funza wao wote, miaka, ili mkono wa mwenzao usikwame njiani kwenda bakulini. Hakuna mkubwa aliyewaamuru. Wakubwa walikuwa wanakula kuku juu.

Sikulia pale. Nilitema, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Somoe alipougua figo, daktari alimkataza chumvi. Tulikuwa tunakula sahani moja, ya bati, ya maua mekundu, tangu tulipooana. Akaniambia, mume wangu, jipakulie pembeni utie chumvi yako. Nikamwambia wewe acha maneno, kula. Tukala bila chumvi mpaka mwisho, yeye ananicheka, "Ausi, uso wako kama unatafuna pamba." Ukiupeleka ubavu wangu kwenye Ulimi leo, chumvi ya miaka ile haimo. Hiyo hata karatasi zote za Idara ya Asili haziijui.

Sikujua akaja akakaa ngazi ya chini yangu.

"Baba, unawaza kulifunika bakuli."

"Nawaza Mosi."

Chini gatini walikuwa wanafunga mapambo ya Jumamosi, na mtu mmoja mnene alikuwa akiwapigia kelele wafungaji kwamba utepe umepinda.

*

Jumamosi asubuhi walijaa. Bendi ya shaba, mahema, waziri, kina mama wamevalishwa khanga zenye picha ya meli. Mimi na Sikujua tulikuwa chini, chumba cha makasha, sisi peke yetu na walinzi wawili mlangoni ambao masikio yao yalikuwa kwenye bendi. Kapteni na Dokta Pendaeli walikuwa juu na wageni. Sikujua alikuwa na mkoba begani, umetuna; usiku alikuwa amepita ofisini kwa Dokta bila kubisha hodi.

Saa ya kuamsha ilipofika, akafungulia matone ya mbavu yote saba kwa wakati mmoja.

Kwanza hakuna kitu. Halafu sauti moja, ya yule wa viazi, ikasema neno fupi. Nyingine ikalijibu. Ikafuata kelele ambayo sijaisikia tena: maneno ya Kiingereza kilichovunjika, Kihindi, Kireno, Kiswahili, yamechanganywa kama pojo na mchele, na watu wazima saba wanatukanana kwa furaha.

"Jumatano! Mwizi wa biskuti wewe!"

"Pipa, upo? Pipa!"

"Nipo, nipo, Birika, punguza makelele!"

Na meli ikaenda. Kwa raha tu ya kuwa pamoja, mikono ikakumbuka. Kwenye skrini ya ukutani nikaiona Ngao ya Taifa ikajitoa gatini, ikageuka mahali pamoja kama samaki, na juu nikasikia watu wanashangilia na waziri anapigiwa vigelegele. Mizinga ikainuka yote, mstari mmoja. Kwa muda ule niliyakubali niliyoyaona: ilikuwa meli nzuri kuliko zote duniani, na jirani asingethubutu.

Ndipo Mtalika akawakatisha wenzake, akaniita.

"Mzee Nantanga. Tunashukuru umetukutanisha. Sasa bakuli letu umelipata?"

"Nimelipata."

"Sisi hatuna mikono. Tufunikie."

Nikasimama. Nikawaeleza yote, juu ya jirani, gesi, na vijana watakaopandishwa wao wakilala. Nilieleza vibaya. Wakateta wao kwa wao kwa maneno yao, polepole, kama watu wanaogawana kitu kidogo. Nadhani nao swali lile la Dokta liliwakaa.

Sikujua akafungua mkoba. Peremende mbili zilikuwa zimebaki zimenata chini ya bakuli. Akazibandua kwa kucha, akazitupa.

"Mosi ana miguu," akasema. "Wakimwita anaweza kukimbia. Ana mdomo, anaweza kukataa, na mimi nitamfuata hukohuko nikatae naye. Hawa hawana hata hivyo vya kukatalia." Akanisukumizia bakuli kifuani. "Chukua, baba, kabla sijaghairi."

Lilikuwa jepesi. Ukingoni palikuwa na vibonde, sehemu sehemu, mahali ambapo vidole vya watu vililala miaka yote. Niliweka vyangu hapo, vikaingia.

"Mko tayari?"

"Mngoje wa viazi," akasema Mtalika. "Alikuwa wa mwisho kula. Yeye ndiye wa kuruhusu."

Yule wa viazi akasema jambo. Sikujua akatafsiri huku anajifuta pua: "Anasema tumeshiba."

Nikapiga magoti kwenye chuma, nikalifunika bakuli kifudifudi, na likatoa mlio wa mbao, mmoja, mkavu. Juu bendi ikaendelea kidogo, ikakosea, ikanyamaza. Mtetemo wa meli ukafa chini ya magoti yangu. Sauti zikaondoka moja moja, bila haraka: Pipa, Jumatano, wa kondoo. Ngazi ikaanza kulia viatu, na Dokta Pendaeli anapiga ukelele akiita jina langu na kuliongezea matusi ambayo shahada hazifundishi. Sikujua akaenda kuufunga mlango.

Alibaki Mtalika.

"Umetuuliza kwetu sote, mmoja mmoja," akasema, sauti imeshakuwa mbali. "Wewe hukuulizwa. Wewe mtu wa wapi, Nantanga?"

Mlango ulikuwa unapigwa mateke. Ningeweza kumwambia Ras Mkwera. Ndivyo ilivyo kwenye kitambulisho, ndivyo walivyonivika wakubwa shingoni ili geti linifungukie.

"Mimi mtu wa Somoe," nikasema.

Nikamngoja aitikie. Chini ya bakuli palikuwa kimya.